Vizimba vya Kuazima

Jumatatu, Machi 5

Kuku wamekula. Maranda nimegeuza. Mayai nimefuta moja moja kwa kitambaa chenye maji mpaka vidole vikafa ganzi, maana baridi ya hapa Wamagana asubuhi haina adabu. Nikateremka nayo Nyeri mjini. Mpishi wa hoteli akanirudishia trei nzima. Ati machafu. Nikamwuliza, kwani wewe unajua yai hutokea wapi? Hakucheka. Nimerudi nayo nimekasirika njia yote.

Jioni Mama Wambui akapita. Ndiye mwenyekiti wa kikundi chetu cha akina mama, mimi katibu. Siku hizi habari yake ni moja tu: vizimba vya waya. Miss Kagendo, yule msichana wa Meru wa ofisi ya mifugo, amesema kikundi kikikubali kwa sauti moja tutaletewa vizimba na kuku wa kuvijaza. Kuku anakaa juu ya waya. Kinyesi kinaanguka chini. Yai linabingirika mbele likiwa safi. Mama Wambui anavitaja vizimba kama mhubiri anavyotaja mbingu.

Ninamwelewa. Mwaka jana kideri kiliingia kwake. Kuku wote walikufa, shingo zimepinda, hata jogoo. Tangu hapo banda lake ni tupu na yeye mwenyewe amekuwa mtu wa kunyamaza katikati ya maneno. Vizimba vikija atafuga tena. Visipokuja, sijui.

Mimi sivipendi. Nimeviona kwa Gathogo, mfugaji mkubwa kule Mweiga. Kuku hawezi hata kukunjua bawa. Lakini nani wa kumwambia Mama Wambui? Si mimi. Wakati wa Hali ya Hatari, Waingereza walipotukusanya sote katika kijiji cha seng'enge, mimi na yeye tulilala kibanda kimoja. Sina ndugu wa karibu kama huyo. Nimemwongeza chai.

Alhamisi, Machi 8

Mambo ya ajabu. Miss Kagendo amekuja na pikipiki ya ofisi, vumbi mpaka kwenye kope. Wageni wanakuja Jumamosi ya wiki ijayo. Mwingereza mmoja, mwanamke, na Mhindi mmoja kutoka India yenyewe, si wa dukani. Kazi yao? Kutetea kuku.

Nilimwambia arudie. Akarudia. Kuna watu katika nchi nyingi, wanaandikiana, wanakutana, wanataka kusema kwa sauti moja juu ya kuku wa mashamba: anakaaje, anakufaje. Mwezi huu wanakutana Kenya, na siku moja ya mkutano itakuwa hapa Nyeri. Hawa wawili wanatangulia. Wameiomba ofisi waone vile akina mama wa kijijini wanafuga.

Mama mkwe alicheka mpaka akakohoa. Yeye ni mtu wa zamani. Enzi zake mwanamume wa Gikuyu alikuwa haonji kuku wala yai, kuku alikuwa kitu cha kuzurura tu uani. Akasema, kuku akishapata wakili, mwanamke atapata wake lini? Nilicheka pia. Halafu nikaacha.

Mimi ndiye nitakayetafsiri. Kiingereza changu ni cha jikoni kwa mzungu wa Mweiga kabla ya Uhuru, lakini kinatosha. Nimemwuliza Miss Kagendo, wageni hawa wako upande wa vizimba au la? Akatazama pikipiki yake. "Mama, ofisi inasema vizimba iko na faida. Mimi nimeandikwa na ofisi."

Ninaandika haya kwa Kiswahili kwa sababu nyumbani hakuna wa kukisoma. Kichwa kinaniuma.

Jumapili, Machi 11

Baada ya kanisa tulikaa chini ya ukuta, upande wa jua. Hoja: wageni. Kila mtu alisema lake. Nani ataleta vitambaa vya viti. Nani yuko na thermos isiyovuja. Vikombe vya nani vinafanana. Mazungumzo yetu ya kawaida, hapa kwetu mgeni hakai juu ya kiti kisicho na kitambaa hata kama kitambaa chenyewe ni cha jirani. Kuazima si uongo. Ni heshima.

Halafu Mama Wambui akasimama. Akasema wageni hawatakuja kuona kuku wanaoparua udongo kama wa mabibi zetu. Siku zote mtu wa mbali akija huku anakuja kutuambia tuko nyuma. Wakaguzi wa vyoo, wakaguzi wa matuta, wote. Safari hii watakuta tuko mbele. Ameshaongea na Gathogo wa Mweiga. Ataazima vizimba, vitawekwa kwenye banda lililo karibu na barabara, lenye kuku wenye afya.

Banda hilo ni langu.

Walipiga makofi. Mimi pia nilipiga. Mikono yangu ilipiga yenyewe, sikuituma. Kitu kidogo tu kingetosha, neno moja, "ngojeni". Sikulisema. Alikuwa anang'aa, haki, sijamwona hivyo tangu kideri. Nimejichukia mchana wote.

Jumatano, Machi 14

Vizimba vimekuja kwa lori la nyasi. Kazi ya kufunga imetuchukua siku nzima, misumari, waya, kelele. Banda limebadilika. Limekuwa kama stoo ya mtu.

Kuwaingiza ndiyo kazi. Kuku wangu hawajui mlango mdogo. Wamenikwaruza mpaka kiwiko. Watatu watatu katika kila chumba. Wakiingia wanasimama tu, miguu inatafuta mahali pa kukanyaga, hapapo. Yule mwenye madoa alikuwa anainama kuparua. Anaparua waya. Ananyanyua kichwa. Anaparua tena.

Mama Wambui alicheza. Kweli kabisa, katikati ya banda, kanga kiunoni, akina mama wakimpigia kigelegele. Akanishika mabega akasema, umeona sasa? Nikasema nimeona.

Mvua bado.

Ijumaa, Machi 16

Niandike ukweli wote, hata ule nisioupenda.

Mayai yametoka safi. Safi kabisa. Hakuna lililopasuka, hakuna lililokanyagwa, nguchiro hakupata hata moja. Nilipeleka mjini, mpishi akachukua yote na akaniita madam. Kwa hiyo Mama Wambui si mjinga. Aliyeona kuku wake wamelala wamekufa ana haki ya kutaka waya kati ya kuku na uchafu.

Na hili pia ni kweli. Leo asubuhi mmoja alikuwa ameingiza kichwa kati ya nyaya akashindwa kukirudisha. Nilimkuta ananing'inia. Wenzake wawili walikuwa wamesimama juu ya mguu wake kwa sababu hapakuwa na mahali pengine pa kusimama. Nimemzika nyuma ya migomba. Sikumwambia mtu.

Banda liko kimya. Kuku wangu walikuwa na kelele za soko. Mama mkwe amepita akasema nyumba yako imekuwa kama nyumba yenye mgonjwa.

Ninachanganyikiwa. Mzungu ndiye aliyeleta vizimba Mweiga. Mzungu kesho anakuja kutetea kuku. Serikali yetu inasema chukueni. Mimi sijui kuku anafikiri nini, sijui kama anafikiri. Ninajua tu sipendi kuingia mle ndani. Hii ni sababu ya kutosha? Mtu mzima anaweza kusimama mbele ya kikundi aseme sipendi tu?

Jumamosi, Machi 17

Siku mbaya. Niandike polepole.

Walikuja na Land Rover. Mwanamke anaitwa Bi Dora, mfupi, gambuti miguuni, nywele nyeupe. Mwanamume Bwana Desai, mwembamba, sweta mbili na bado anatetemeka. Tukawaimbia. Tukawakaribisha. Mama Wambui akatangulia kuwapeleka bandani kama anayepeleka bwana harusi.

Waliingia. Wakasimama. Bi Dora alikuwa na kamera shingoni, akaishika kwa mikono miwili, hakuinua. Alitazama kutoka mwanzo wa banda mpaka mwisho. Halafu machozi yakamtoka, hivi hivi, bila sauti. Akina mama wakanong'onezana: amefurahi. Mimi nilijua hakufurahi.

Akaniuliza kwa Kiingereza, vizimba hivi ni vyenu? Nikamgeukia Mama Wambui nikamwuliza kwa Gikuyu. Akajibu, mwambie ni vyetu, na tutaongeza.

Nikafungua kinywa nikasema kwa Kiingereza: vimeazimwa. Tumeviweka kwa ajili yenu. Juzi kuku hawa walikuwa nje.

Sikupanga. Nilisikia maneno yanatoka.

Bi Dora aligeuka akanikumbatia. Bwana Desai akacheka, cheko la mtu aliyetuliwa mzigo, akapiga makofi. Na Mama Wambui, kuona wageni wanapiga makofi, akapiga makofi naye. Kwa nguvu. Anatabasamu na meno yote. Nilitamani ardhi inimeze.

Wakaomba tufungue. Nikamwambia Mama Wambui wageni wanataka kuona kuku wakitembea. Akashangaa lakini mgeni ni mgeni. Tulipofungua hawakutoka. Walikaa mlangoni wanatazama. Mpaka yule wa madoa akaruka, akaanguka vibaya, akasimama, akapanua mabawa yote mawili akayapiga. Kisha wote. Vumbi, manyoya, kelele. Bi Dora alipiga picha hapo.

Chakula kilikuwa balaa nyingine. Tuliwachinjia majogoo watatu. Unampa mgeni nini kingine? Wageni hawali nyama, wote wawili. Bwana Desai hata yai hali. Majogoo wakaliwa na dereva. Wao wakala mukimo, viazi na mahindi ya kupondwa, wakaomba tena.

Baada ya chakula walieleza. Kwao vizimba vimejaa, kuku wengi kupita watu, na wao wanahangaika kuviondoa. Wanataka nchi ambazo hazijaviingiza zisirudie kosa lao. Wiki ijayo wenzao watakuwa Nyeri, na wanataka mmoja wetu azungumze. Hayo nilitafsiri, lakini nililainisha. Nilisema wageni wanasema tufikiri vizuri. Mama Wambui akatikisa kichwa, akaridhika.

Wakati wote huo Miss Kagendo alikuwa amesimama mlangoni. Kiingereza anakijua kuliko mimi. Nilimsahau kabisa.

Jumapili, Machi 18

Mama Wambui amejua. Kanisani alihama benchi letu akakaa mbele na wazee. Wakati wa kupeana mikono ya amani alinyoosha mkono kwa kila mtu ila mimi.

Miss Kagendo hakumwambia kwa ubaya, nafikiri. Alidhani Mama Wambui anajua.

Nimekuja nyumbani sikula.

Jumanne, Machi 20

Lori la nyasi limerudi. Mama Wambui amekuja nalo mwenyewe. Amefungua vizimba vyote kwa mkono wake, misumari mdomoni, hakuniruhusu kushika hata upande mmoja. Nilisimama kama nguzo. Nilijaribu kusema samahani, nikasema karibu chai. Sijui kwa nini.

Alipomaliza akatoa misumari mdomoni. Akasema, "Ungenipinga mbele ya watu ningekasirika, ingeisha. Wewe umenifanya nipige makofi."

Akapanda lori.

Ni kweli. Sina la kujitetea. Nimewatetea kuku, sawa, na nimemuuza mtu. Ama sikuwatetea kuku, niliogopa tu kusema uongo mbele ya mzungu? Na hilo sijui. Nikijiuliza mara ya pili ninapata jibu lingine.

Kuku wamerudi kwenye maranda, wanaparua kama hakuna kilichotokea. Wana bahati.

Alhamisi, Machi 22

Kikundi kimekutana bila kunituma kuwaita watu, na mimi ndiye katibu. Nilienda tu. Nilikaa karibu na mlango.

Wamemchagua Mama Wambui azungumze mkutanoni. Vizuri. Wakauliza atatafsiriwa na nani. Mmoja akasema Miss Kagendo. Nilitazama chini. Mama Wambui akasema hapana, atatafsiri Mama Kariuki. Mimi.

Akaongeza, kwa sauti ya kawaida tu, Miss Kagendo ni mtoto, kuna mambo hayajui. Huyu anayajua.

Hakunitazama. Sijalala vizuri.

Jumamosi, Machi 24

Ukumbi wa kanisa, Nyeri mjini. Mlima ulikuwa wazi asubuhi, baridi ya kutoboa. Watu kutoka nchi nyingi, sura za kila namna, makaratasi, vikombe vya chai. Nilidhani watu wa namna hii wana neno moja. Wapi! Mholanzi mmoja anataka vizimba viongezwe nafasi. Bi Dora hataki vizimba hata kimoja. Bwana Desai anasema mnagombana juu ya nyumba ya mtu mnayekwenda kumla. Mama mmoja wa Nigeria, kitambaa kichwani kama mnara, akasema kwake kuku wanaishi nje na wanakufa kwa ugonjwa nje, basi uhuru huo una faida gani? Walibishana kweli, kwa adabu lakini kweli. Nilifarijika kidogo. Kumbe hata wao.

Kisha wakamwita Mama Wambui.

Alivaa nguo ya Jumapili na sweta ya kijani. Akasimama, mimi pembeni yake. Akaniambia kwa Gikuyu, chini chini, utasema ninachosema. Nikasema ndiyo.

Akasema hivi, na niliyatoa yote, neno kwa neno. Nilimwona huyu mama Mwingereza akilia kwenye banda la kuku. Nilidhani ni furaha. Baadaye nikaambiwa alilia kwa huruma. Mimi na huyu anayetafsiri tulifungiwa seng'enge, hapa hapa Nyeri, wakati wa Waingereza. Kibanda kimoja, familia tatu. Kutoka mpaka filimbi, kurudi mpaka filimbi. Mtoto wangu wa kwanza alifia humo kwa kuhara. Hakuna mtu wa mbali aliyekuja kulia.

Hapo niliacha kutafsiri. Mimi ndiye niliyemshika yule mtoto. Mama Wambui akangoja. Hakunisaidia, hakunihimiza, alingoja tu. Nikaendelea.

Sisemi ni vibaya kumlilia kuku, akasema. Nimewaona walivyoruka vizimba vilipofunguliwa, si kipofu. Ninauliza tu, machozi haya wakati ule yalikuwa wapi? Na ninauliza lingine. Kideri kikija tena nyumbani kwangu, nani wenu atakuja?

Akakaa.

Kikombe cha mtu kiligonga sahani. Bi Dora alisimama, uso mwekundu, nikajua sasa atajitetea. Akasema, mimi nilikuwa msichana mkubwa wakati ule, nilisoma magazetini, na sikulia. Sina jibu. Akakaa. Nililitafsiri hilo pia. Mama Wambui akalisikiliza, akatikisa kichwa mara moja, kama mtu anayepokea chenji iliyo sawa.

Ni Bwana Desai aliyeuliza la pili. Kwani hakuna chanjo ya kideri? Miss Kagendo akasimama. Chanjo iko, akasema. Lakini chupa ni ya kuku wengi sana, ni ya watu kama Gathogo. Ikifunguliwa lazima iishe siku hiyo hiyo, na mpaka hapo ikae kwenye barafu. Mama mwenye kuku ishirini atafanya nini na chupa hiyo? Kwa hiyo haimfikii. Mama wa Nigeria akapiga meza: hata kwetu! Hata kwetu! Watu wakaanza kuandika.

Mmoja wetu nyuma, Mama Gitonga, ambaye hajawahi kusema mkutanoni isipokuwa amina, akauliza kwa Kiswahili, "Kwani hatuwezi kufanya ngwatio?"

Nikaeleza. Ngwatio ni kulimiana. Leo wote shambani kwangu, kesho wote kwako, mpaka mzunguko uishe. Basi chupa moja, siku moja, kuku wa wote. Akina mama wetu papo hapo wakaanza kugombana wataanza kwa nani. Wageni walitaka niwatafsirie ugomvi. Nikakataa.

Wamekubaliana kuandika kwa ofisi kuu ya mifugo, wote pamoja, nchi zote, chanjo itolewe pia kwa vikundi vidogo. Juu ya vizimba hawakukubaliana. Wataendelea kuandikiana.

Kurudi Wamagana, Mama Wambui aliketi mbele na dereva.

Jumatano, Machi 28

Mvua imeingia. Mabati yanapiga kelele hata sijisikii.

Nimemsifu Mama Wambui moyoni siku nne mfululizo na bado nimemkasirikia. Kwa nini hakuwahi kuniambia kwamba yule mtoto bado yuko naye hivyo? Tumekaa miaka yote hii, tumechimba, tumezika, tumeimba. Halafu nakumbuka mimi pia sikumwambia kitu kidogo kama sipendi vizimba. Basi tuko sawa. Au hatuko.

Bi Dora amekwenda kwao. Alikuja kuaga, akaniachia gambuti zake. Ni ndogo kwangu. Sikujua nimshukuru au nini.

Jumatatu, Aprili 2

Miss Kagendo amepata chupa. Ofisi imempa kujaribu, mara moja, kwa sababu ya kelele za wageni. Jumamosi, kwangu. Anacheka peke yake kama mtu aliyepata uchumba. Anauliza pia, kwa aibu, jibu la kikundi juu ya vizimba, maana ofisi bado inangoja. Nikamwambia amwulize mwenyekiti.

Jumamosi, Aprili 7

Walikuja tangu umande. Kuku kwenye vikapu, kuku kwapani, kuku wamefungwa miguu kwa kamba za kufungia sukuma wiki. Matope mpaka magotini. Miss Kagendo akafungua thermos ya barafu akatoa chupa kama anatoa yai la dhahabu. Tone moja kwenye jicho, kuku apepese, basi. Kazi ya watu wawili: mmoja anashika, mmoja anadondosha. Mimi nilipewa kudondosha kwa sababu mkono wangu hautetemeki.

Mama Wambui alikuja. Hana hata kuku mmoja wa kuleta. Alikunja mikono ya sweta, akamsogeza Mama Gitonga pembeni, akakaa mbele yangu kwenye kigoda akaanza kunishikia. Kuku wa huyu, kuku wa yule. Anajua kushika, anakunja mabawa taratibu, anageuza kichwa, jicho linakuwa juu. Nadondosha. Anapitisha. Anachukua mwingine.

Tulikwenda hivyo asubuhi yote. Magoti yetu yalikuwa yanagusana.

Karibu na mwisho, ameshika mtetea mwekundu wa mtu, akaniuliza. Kwa Gikuyu, mbele ya wote, si kwa sauti kubwa. Mama Kariuki. Ulisema ya mdomo wangu, sasa sema ya wako. Vizimba, ndiyo au la?

Kila mtu alisikia. Miss Kagendo alisikia. Nilikuwa na dawa mkononi, tone linaning'inia.

Nikasema, sivitaki. Sikuvitaka tangu siku ya kwanza.

Akatazama kuku. Akatazama tena. Akasema, "Hata mimi sikuvitaka. Nilitaka kuku wasife."

Akamgeuza kichwa, jicho likawa juu. Nikadondosha. Akanyoosha mkono kwa mwingine, tukaendelea mpaka chupa ikaisha.